Gesi ya bahari kuu: nani anauza mitambo, na kwa nini tusiinunue wenyewe?

SWALI

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa Lindi, nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu. Tangu nikiwa darasa la kwanza nasikia habari za gesi iliyogunduliwa bahari kuu, na mpaka leo pale Likong'o, mahali palipotengwa kwa kiwanda cha gesi hiyo, hakuna kiwanda. Mjomba wangu ni mvuvi. Yeye anasema gesi imelala kirefu mno na wenye teknolojia wanatuficha. Naomba unieleze: ni kweli kina ndicho kinachotukwamisha? Mitambo hiyo inauzwa na nani, na kwa bei gani? Kwa nini Serikali isinunue yake, TPDC, shirika lake la mafuta na gesi, wakachimba wenyewe? Na mtu kama mimi asome nini?"

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la mjomba, maana ndilo linalosemwa sana vijiweni, Lindi mpaka Mtwara. Kina hakitukwamishi. Visima vya Kitalu namba 2, vilivyochorongwa na kampuni za Equinor ya Norway na ExxonMobil ya Marekani, vimekaa kwenye maji ya mita kama 2,500, kilomita 100 hivi kutoka ufukwe wa Lindi. Wenzetu wamekwenda chini zaidi ya hapo. Mwaka 2021 TotalEnergies walichoronga kisima cha Ondjaba, Angola, kwenye maji ya mita 3,628. Shell wanatoa mafuta katika eneo la Stones, Ghuba ya Mexico, kwenye maji ya mita 2,900 hivi tangu 2016. Mita zetu 2,500 si kazi nyepesi, ila ni kazi ambayo leo hii kuna mtu anaifanya mahali fulani duniani.

Wala hakuna anayeificha. Teknolojia hii ni bidhaa: ina wauzaji, ina wanunuzi, ina msimu wa bei juu na msimu wa bei chini. Tatizo letu liko kwingine na nitalifikia, lakini hutaliona vizuri mpaka ujue ni kitu gani hasa kinauzwa.

Kwenye kina hicho meli ya kuchoronga haitii nanga. Inasimama palepale kwa rafadha kubwa zilizo chini ya tumbo lake, mara nyingi sita, zinazoamriwa na kompyuta inayopokea mawimbi ya satelaiti kutoka juu na milio ya vifaa vilivyotegwa sakafuni mwa bahari. Kutoka melini linashuka bomba pana la inchi 21 hadi kwenye kichwa cha kisima, na hapo kinakaa kizuia mlipuko, ambacho kazini kila mtu anakiita BOP: rundo la valvu na visu vya chuma lenye uzito wa tani 300, 400 au zaidi, ambalo kazi yake ni kuziba kisima kikigoma, ikibidi kwa kulikata bomba lenyewe. Kila mita 10 za maji huongeza takriban uzito wa angahewa moja. Kwa hiyo mita 2,500 chini, kila sentimita ya mraba, ukubwa wa ukucha wako, inabebeshwa kilo 250 hivi. Hakuna mzamiaji anayefika huko. Kila kufungua, kukaza na kubadilisha kunafanywa na roboti inayoongozwa kwa waya na mtu aliyeketi juu melini mbele ya skrini.

Kisima kikikamilika, juu yake hufungwa kifurushi cha valvu ambacho mafundi hukiita mti wa Krismasi, na hapo ndipo gesi inaanza safari. Hapa naomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi ngumu kuliko kuchoronga kwenyewe. Gesi inatoka ardhini ikiwa ya moto na ina mvuke wa maji ndani yake. Inaingia kwenye bomba lililolala sakafuni, ambako maji ya bahari yana nyuzi joto 4 tu au karibu na hapo. Gesi, maji, baridi na presha kubwa vikikutana, hutokea hidrati: kitu kama barafu, cheupe, kinachoweza kuganda juu ya nyuzi sifuri na kuziba bomba zima. Mwezi Mei 2010, kisima cha Macondo kilipokuwa kinavuja Ghuba ya Mexico, wahandisi walishusha kuba kubwa la chuma mita 1,500 chini ili kulifunika tundu na kuvuta mafuta juu. Hidrati ziliganda ndani ya kuba lile na mpango ukafa papo hapo.

Dawa inayotumika sana kwenye gesi ni glikoli, MEG kwa jina la kazini. Inasukumwa kutoka nchi kavu kwa bomba lake hadi kwenye kila kisima, inachanganywa na gesi, inarudi nayo ufukweni, inachujwa, inasukumwa tena. Ndani ya kebo moja ndefu, ambayo mafundi huiita ambilikali, hupita umeme, nyaya za mawasiliano, mafuta ya kusukumia valvu na dawa za kuzuia kutu. Ambilikali ikikatika, kisima kinakuwa kipofu na kiziwi.

Wanaosema gesi ya umbali wa kilomita 100 haiwezi kuletwa ufukweni bila jukwaa juu ya maji waangalie Norway. Eneo la Snøhvit liko kilomita 143 kutoka kiwanda cha Melkøya, karibu na mji wa Hammerfest, na juu ya bahari huoni kitu; kila kilichopo kipo sakafuni, na kinaongozwa kutoka nchi kavu tangu 2007. Mwendeshaji wake ni Equinor, haohao wa Kitalu namba 2. Mwaka 2015 wakaweka kule Åsgard mashine za kusukuma gesi zinazofanya kazi chini ya maji, za kwanza duniani. Snøhvit maji yake ni mafupi, mita 300 na ushee, na chini kumetulia. Kwetu ukingo wa bara unaporomoka kwa mteremko mkali uliokatwa na makorongo, na bomba lazima lipande mteremko huo bila kuning'inia hewani na bila kukaa kwenye njia ya maporomoko ya tope. Ukitaka kujua ugumu wetu wa pekee uko wapi, uko hapo kwenye makorongo zaidi ya kwenye kina. Ni ugumu wa kupima, kuchora ramani na kuchagua njia, na watu wa kuufanya wapo.

Sasa wauzaji. Ni wachache kuliko watu wanavyodhani, na wanazidi kupungua. Kwa kawaida meli za kuchoronga bahari kuu hazinunuliwi na kampuni za mafuta. Zinakodishwa kwa siku kutoka kwa wenye meli, na wenye meli wakubwa ni Transocean, Noble, Valaris na Seadrill. Meli zenyewe zimejengwa zaidi Korea Kusini, kwenye karakana za Samsung, Hyundai na ile iliyokuwa Daewoo ambayo sasa inaitwa Hanwha Ocean, na chache Singapore. Vifaa vya sakafuni, yaani miti ya Krismasi, vichwa vya visima na mitambo ya kuviongoza, vimeshikwa na TechnipFMC, OneSubsea na Baker Hughes. OneSubsea ya leo ni muungano wa 2023 uliowaweka SLB, Aker Solutions na Subsea7 chini ya paa moja. Kulaza mabomba ni kazi ya Saipem, Subsea7, Allseas, McDermott na TechnipFMC hao hao, na Februari 2025 Saipem na Subsea7 wakatangaza nia ya kuungana. Mitambo ya juu ya maji, ile meli kubwa inayopokea na kuhifadhi mafuta, inatawaliwa na SBM Offshore ya Uholanzi na MODEC ya Japani.

Unaona hali ilivyo. Ukitaka kupeleka kazi yako sokoni, waliobaki kushindania zabuni ni wawili au watatu, na hao nao wana foleni iliyojazwa na Petrobras wa Brazil na ExxonMobil kule Guyana. Mteja anayenunua kila mwaka anahudumiwa kwanza. Anayekuja mara moja na kuondoka anasubiri na analipa zaidi. Sisi ni wa kundi la pili, na hilo lazima tulijue kabla ya kukaa mezani.

Bei. Hapa nataka nikusimulie meli moja. Deepsea Metro I ilitoka karakana ya Hyundai mjini Ulsan mwaka 2011 na ikaja moja kwa moja kwenye bahari yetu. Ndiyo iliyochoronga visima vyetu vya gesi vya Jodari na Mzia kwa ajili ya BG, kampuni ambayo baadaye ilinunuliwa na Shell, na mwaka 2012 ikachoronga Mbawa upande wa Kenya. Zilikuwa zama za neema kwa wenye meli. Kufikia 2013 na 2014 meli nzuri ya bahari kuu ilikodishwa kwa zaidi ya dola 600,000 kwa siku. Juni 2014 pipa la mafuta la Brent lilifika dola 115. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Kodi za meli zikaanguka hadi chini ya dola 200,000 kwa siku, na nyingi zikakosa kazi kabisa zikafungwa bandarini. Baada ya korona mwaka 2020, Noble, Diamond na Valaris wote walikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Seadrill akawafuata mwaka uliofuata. Mitambo ya zamani ilikokotwa hadi Aliağa, Uturuki, kukatwa vyuma chakavu.

Lakini Uturuki haikununua vyuma chakavu tu. Mwaka 2017 shirika lake la mafuta, TPAO, lilinunua Deepsea Metro II kwenye soko lililokufa na kuiita Fatih. Mwaka uliofuata likanunua ile Deepsea Metro I na kuiita Yavuz. Meli iliyotoboa visima vyetu, basi, ni mali ya serikali ya Uturuki. Agosti 2020 Fatih ikagundua gesi ya Sakarya kwenye Bahari Nyeusi, maji ya mita 2,100 hivi, na Aprili 2023 gesi ikawa imefika nchi kavu Filyos kwa bomba la kilomita 170. Miaka mitatu haikufika. Mwaka 2024 Waturuki hao hao wakaleta meli yao ya utafiti, Oruç Reis, mpaka Somalia.

Kwa hiyo swali lako la kununua wenyewe si la kitoto. Kuna nchi imefanya na ikafanikiwa. Ila angalia mambo mawili ndani ya hadithi hiyo. Kwanza, meli ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Vifaa vya sakafuni na mabomba Uturuki ilibidi iende kwa wale wale, SLB, Subsea7 na Saipem, kwa sababu hakuna kwingine. Pili, na hili ndilo kubwa, Uturuki ilikuwa inaagiza karibu gesi yake yote kutoka nje. Mteja alikuwa nyumbani akisubiri, mabomba ya kumfikia yako tayari, na kila mita ya ujazo iliyotoka Sakarya ilipunguza ankara ya nje siku ile ile.

Brazil nayo ilijaribu kwa njia nyingine. Ilianzishwa kampuni ya Sete Brasil kusimamia ujenzi wa meli 28 za kuchoronga kwenye karakana za Brazil zenyewe, baadhi ya karakana hizo zikiwa bado kujengwa. Rushwa, kuanguka kwa bei na ucheleweshaji vikaimaliza. Mwaka 2016 iliomba ulinzi wa mahakama. Hiyo ndiyo hatari ya kununua chuma ukiamini kwamba bei ya leo itadumu.

Halafu kuna hatari ya kukosa. Mapema 2022 Eni na washirika wake walichoronga kisima cha Mlima-1 pwani ya Lamu na hawakupata kitu cha kuuzika. Kampuni yenye visima kwenye nchi 20 inameza hasara hiyo na kusonga mbele. Fedha za umma za nchi moja zikitumbukia hivyo, kuna zahanati zimekwenda nazo. Na kuna ile siku mbaya: Macondo, tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 walikufa, mafuta yakavuja siku 87, na gharama za BP, kampuni iliyokuwa ikiendesha kisima hicho, zilivuka dola bilioni 65. Gesi haichafui ufukwe kama mafuta mazito, lakini mlipuko ni mlipuko. Vifuniko vya dharura vya kuzibia kisima kinachovuja huwekwa sehemu chache tu duniani, na kilicho karibu nasi kiko Saldanha Bay, Afrika Kusini. Mwenye mtambo ndiye mwenye msala. Nikikumbuka hifadhi za bahari za Mafia na Mnazi Bay, na kina mjomba wako wanaoishi kwa bahari hiyo, sitamani hata kidogo msala huo uwe wa Hazina peke yake.

Sasa nifike kwenye kinachotukwamisha. Gesi, tofauti na mafuta, haina soko mpaka umtafutie. Mafuta ya Liza huko Guyana yaligunduliwa Mei 2015 na kufikia Desemba 2019 yalikuwa yameanza kutoka, kwa sababu mafuta unayamimina kwenye meli yoyote na kuyauza popote. Gesi ya Zohr nchini Misri iligunduliwa Agosti 2015, maji ya mita 1,450 hivi, na ikaanza kutoka Desemba 2017: miezi 28 tu. Siri ya Zohr haikuwa mashine ya ajabu. Misri ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme, mitambo ya kufua umeme iliyokosa gesi, na mabomba tayari. Zohr, Sakarya na sisi tunatumia teknolojia ya familia moja. Wao walikuwa na mnunuzi mlangoni.

Kwetu, kisima cha kwanza cha bahari kuu, Pweza, kiligundulika 2010. Jumla ya gesi iliyotangazwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57 na zaidi, na kama trilioni 47 za hizo ziko bahari kuu. Nani azitumie? Umeme wetu unaotokana na gesi unalishwa na Songo Songo na Mnazi Bay, ambazo ziko karibu na ni rahisi, na bwawa la Julius Nyerere limeongeza megawati 2,115 za maji. Soko la ndani halina tumbo la kubeba gharama ya bahari kuu. Inabaki kuisindika iwe kimiminika, LNG, na kuiuza Asia au Ulaya. Mtambo unaozungumzwa wa tani milioni 10 kwa mwaka ungetumia takriban nusu trilioni ya futi za ujazo kila mwaka, na gharama inayotajwa ya mradi mzima ni dola bilioni 42. Hakuna benki inayotoa fedha hizo kwa sababu gesi ipo. Zinatolewa kwa sababu kuna kampuni ya umeme au ya gesi huko Japani, Korea au Ulaya iliyosaini kuinunua kwa miaka 15 au 20.

Angalia jirani. Coral Sul ya Msumbiji, kwenye maji ya mita 2,000 hivi, iligunduliwa 2012. BP walisaini kununua LNG yake yote kwa miaka 20, na kwa saini ile uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukafanyika Juni 2017. Samsung wakajenga mtambo unaoelea wenye urefu wa mita 432 kule Geoje, ukafika Msumbiji Januari 2022, na Novemba mwaka huo shehena ya kwanza ikaondoka. Miongoni mwa waliofadhili walikuwamo mawakala wa serikali za Korea, Italia, Ufaransa na China wanaodhamini mauzo ya nje, kwa sababu viwanda vya nchi zao ndivyo vilivyopata kazi. Hapo ndipo soko hili linapoendeshwa: anayeuza mtambo huja na benki yake mkononi, na anakuja pale tu penye mnunuzi wa gesi aliyesaini.

Sisi tulichagua kiwanda cha nchi kavu badala ya kinachoelea. Nauelewa uchaguzi huo na bado naukubali, maana Coral Sul imeacha kazi chache sana ufukweni, na Lindi inastahili zaidi ya kutazama taa za meli usiku. Lakini kiwanda cha nchi kavu ni kikubwa, ghali, na kinahitaji wawekezaji wa vitalu vitatu wakubaliane wao kwa wao na kisha wakubaliane na Serikali. Majadiliano ya Mkataba wa Nchi Hodhi, yaani makubaliano ya Serikali na wawekezaji kuhusu mradi huu, yalitangazwa kufika mwisho 2023, kisha yakarudi kwenye mvutano. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji bado. Mwaka 2021 Equinor walifuta dola milioni 982 kwenye vitabu vyao kwa ajili ya mradi huu. Hawakuondoka, ila walikuwa wanawaambia wanahisa wao wanavyouona. Wakati huo huo Qatar inapanua uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kuelekea milioni 142, na Marekani inaongeza mitambo kila mwaka. Wanunuzi tunaowataka wanasaini kwingine huku sisi tukijadili vifungu. Hilo linaniuma.

Na kuna jambo ambalo nataka ulibebe kuliko yote niliyoandika. Umeuliza kwa nini Serikali isinunue mitambo. Serikali inailipia tayari, au tuseme itailipia. Mikataba yetu ni ya ugawanaji wa uzalishaji: mwekezaji anatanguliza fedha zake, na gesi ikianza kutoka anajirudishia gharama kwanza kutoka sehemu ya uzalishaji, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kila siku ya meli ya kuchoronga, kila mti wa Krismasi, kila kilomita ya ambilikali, inaandikwa kwenye daftari na kukatwa kabla ya mgao wa Watanzania.

Fanya hesabu. Meli ya dola 450,000 kwa siku ikikaa kwenye kisima siku 60, kodi yake peke yake ni dola milioni 27. Ongeza meli za ugavi, helikopta, saruji, vifaa na wataalamu, na mara nyingi gharama ya siku hukaribia mara mbili ya kodi ya meli. Kama kisima kingechorongwa mwaka wa bei ya chini, au kama meli ingekodiwa kwa pamoja na wenzetu wa Msumbiji ili gharama ya kuileta kutoka Afrika Magharibi igawanywe, tofauti ni mamilioni ya dola kwa kila kisima. Na visima havitakuwa viwili. Anayekagua ankara hizo kwa niaba yetu ni PURA, mamlaka ya Serikali inayosimamia utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Petroli ya 2015. Mkaguzi anayejua kwamba mwezi fulani meli za daraja lile zilikodishwa kwa bei fulani ataokoa fedha ambazo hakuna mkutano wa hadhara utakaoziokoa.

Ndiyo maana Brazil hainivutii kwa zile meli 28. Inanivutia kwa 1986, Petrobras ilipoanzisha mpango wa utafiti wa bahari kuu ulioitwa PROCAP, miaka michache tu baada ya kugundua Albacora na Marlim. Waliwaweka wahandisi wao kujifunza tatizo moja baada ya jingine. Baadaye mikataba ikawabana wazalishaji wa maeneo makubwa watenge asilimia 1 ya mapato ghafi kwa utafiti, na sehemu ya fedha hizo ikaingia vyuo vikuu. Leo TechnipFMC, SLB na Baker Hughes wamejenga vituo vyao vya utafiti kwenye kisiwa cha Fundão, Rio de Janeiro, jirani na chuo kikuu, kwa sababu wateja na akili zote ziko hapo. Hatuwezi kuwa Brazil. Hatuna ukubwa wa kazi yao. Kifungu cha asilimia ya utafiti, hata hivyo, tunaweza kukidai, na kikishasainiwa hakihitaji karakana.

Sasa wewe. Uhandisi mitambo ni msingi mzuri, usiuache. Kama unapenda hesabu, ingia kwenye mtiririko wa gesi na mafuta ndani ya mabomba: joto, presha, hidrati, nta, kutu. Wanaolijua hilo ni wachache Afrika Mashariki yote, na kazi yake haiishii kwenye gesi. Maji, mbolea na mafuta ghafi vyote vinapita mabombani. Kama unapenda mikono, tafuta vyeti vya ukaguzi wa uchomeleaji, CSWIP au API, vinavyotambulika kila nchi. Bomba la mafuta kutoka Uganda hadi Tanga limetoa nafasi kwa vijana wetu wengi kugusa uchomeleaji wa kiwango hicho, na uzoefu huo haupotei. Ukitaka bahari yenyewe, Chuo cha Bahari Dar es Salaam kitakupa mlango wa kuingia kwenye meli za ugavi, ambako ndiko wengi walioko kwenye roboti za chini ya maji walianzia. Usisubiri Likong'o ijengwe ndipo uanze.

Na kwa kuwa umeuliza bei, jizoeze kuzifuatilia mwenyewe. Transocean, Noble na Valaris hutoa mara kwa mara taarifa ya meli zao zote: meli iko bahari gani, imekodishwa na nani, mpaka lini, na nyingi zikiwa na bei ya siku. Zipo mtandaoni na ni bure. Chukua za miaka mitatu, zipange kwa daraja la meli na kwa eneo, uchore mchoro wa kodi. Mkiweza, fanyeni iwe mradi wenu wa mwaka wa nne, kisha mpelekeeni nakala afisa yeyote wa PURA atakayekubali kuwasikiliza.